Mwalimu wa Tumbo Aliyeshindwa na Tumbo Lake

Jua ndiyo kwanza linachomoza Jumamosi hii, na katika jumba la mazoezi lililo juu ya duka la vifaa vya ujenzi, mwanamume mwenye mapaja kama magogo anatandika mikeka. Anaipanga kwa safu, akiinyoosha kwa ncha ya kiatu. Mkeka wa mwalimu, ule wa mbele, anautandika mwisho, tena upande upande, ili atakayeulalia asikae vizuri.

"Siyo roho mbaya," anasema akiikagua kazi yake. "Sakafu ndiyo haiko sawa."

Wote humwita Nguzo. Hadi miezi mitatu iliyopita mkeka ule ulikuwa wake, ingawa, tuseme haki, hakuwahi kuulalia.

Anayeulalia siku hizi anapanda ngazi akipiga mluzi. Ni kijana mwembamba, mdogo wa mke wa Nguzo. Siku ya kwanza Nguzo alimtambulisha kwa maneno mafupi, "Huyu ni shemeji yangu," na tangu hapo jumba zima, wakubwa kwa wadogo, humwita Shemeji. Hata hilo linamkera.

"Aliyemwoa dada yake ni mimi," anasema. "Sasa amekuwa shemeji wa mji mzima!"

Nguzo alianza kutoka jasho akiwa mpakuzi wa magunia kwenye ghala la nafaka. Mwenye jumba hili, mama mmoja nesi mstaafu asiyependa maneno mengi, alimwona akipanda ngazi na gunia begani na jingine kwapani, akamwambia aache kubeba mahindi, aje afundishe watu. Hiyo ni miaka kumi na moja sasa. Anachuchumaa na chuma kizito mabegani huku akipiga soga. Anaweza kubeba watu wazima wawili, mmoja kila bega, na kuwatua bila kuwaudhi.

Lakini hakuna ukuta usio na ufa, na ufa wa Nguzo uko katikati ya mwili.

"Mkono ukiuambia kitu, unasikia," anaeleza kwa uzito wa mtu anayetoa ushahidi. "Mguu ndiyo usiseme, huo ni askari wangu. Lakini tumbo? Tumbo ni kama mkwe. Unaliheshimu, hulilazimishi."

Kwa miaka yote hiyo ufa huo haukujulikana, hata kwake mwenyewe, na sababu ni mtindo wake wa kufundisha. Darasa la tumbo la Jumamosi, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, aliliendesha kwa wanafunzi wawili wawili. Mmoja hulala chali, mwenzake humkalia miguu, na Nguzo hupita katikati yao na filimbi, akihesabu na kugomba. Akitaka kuonyesha mfano, huisokomeza miguu chini ya benchi la chuma, kisha huinuka kama kifuniko cha sanduku. Watu hupiga makofi.

Kisha akaja Shemeji, ambaye alikuwa amekaa nyumbani bila kazi. Aliyemwombea nafasi ni Nguzo mwenyewe.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa," anasema. "Huyu kaja, mwenyeji kaugua."

Kosa la Shemeji, kwa mujibu wa Nguzo, lilikuwa kulala. Alipoachiwa darasa siku moja tu, hakushika filimbi. Alilala mkekani pamoja na wanafunzi, miguu yake haijashikwa na mtu, akainuka taratibu kama anayechungulia dirishani, akashuka taratibu zaidi. Fulana ilipopanda kidogo, likaonekana tumbo lililogawanyika kama gamba la kobe. Darasa likasahau kuhesabu. Nguzo, aliyekuwa mlangoni, anasema alijikuta akilivuta tumbo lake ndani kwa wivu.

Jumamosi iliyofuata yakatokea ya kutokea. Fundi cherehani mmoja, mwanamke wa makamo ambaye ulimi wake una makali kuliko mkasi wake, alijiinua kwa kiwiko katikati ya hesabu.

"Mwalimu, leo na wewe lala tukuone."

"Nikilala mimi, nani atahesabu?"

"Kuhesabu tunajua, tumesoma. Lala!"

Nguzo akacheka kidogo, akaelekea kwenye benchi lake. Ndipo Shemeji, kwa heshima zote, akasema, "Shemeji, itoe miguu hapo. Liache tumbo nalo lifanye kazi."

"Kwani miguu ni ya nani? Si ni yangu?"

"Ni yako. Ndiyo inayokuinua. Tumbo lako linapanda bure kama abiria."

Nguzo akalala katikati ya ukumbi, mikono kifuani, miguu huru. Akavuta pumzi. Akajikunja. Mgongo ukabaki sakafuni, miguu ikaruka juu. Akajaribu tena, miguu ikaruka tena, na pale chini akabaki akitapatapa kama mende aliyepinduliwa.

"Mwalimu," fundi cherehani akauliza kwa upole wa kutisha, "ndiyo unatuonyesha, au bado hujaanza?"

Mwenye jumba alikuwa ameshuhudia yote. Hukumu yake ilikuwa fupi: darasa la Jumamosi linakwenda kwa Shemeji, na Nguzo atalirudia siku atakayoinuka mbele ya watu wale wale bila kushikwa miguu. Vyuma abaki navyo.

"Vyuma anavijua," anasema mama huyo. "Lakini anayeuza viatu asitembee pekupeku."

Nyumbani hakukuwa na kimbilio. Mke wa Nguzo, ambaye ni mpishi wa shule, alimtazama mumewe akihangaika kwenye zulia la sebuleni hadi alipomwomba amkalie miguu. Akakataa.

"Nikikukalia nitakuwa nakudanganya, baba," alimwambia. Halafu akaongeza neno ambalo Nguzo hajalisamehe: "Mdogo wangu ana tumbo zuri tangu utotoni."

Kuanzia hapo Nguzo akawa mpelelezi. Alichunguza Shemeji anakula nini, akala hicho hicho mara mbili. Alimtazama kwenye kioo cha ukutani akijifanya anafuta vumbi, akitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Alichotaka ni kimoja: kasoro.

Akaipata, na ikamwumiza kuliko wivu wenyewe. Baada ya darasa moja aliingia chumba cha kubadilishia nguo, akamkuta Shemeji amejikunja sakafuni kama kamba, mikono tumboni. Kijana akapiga chafya, akalia, "Mama yangu!"

"Kumbe na wewe inakuuma?"

"Kila mara, shemeji. Usimwambie dada."

"Mbona mbele ya watu unatabasamu?"

"Nikikunja uso mimi, nani atainuka?"

Nguzo akamnyanyua, kwa mkono mmoja, akamkalisha kwenye benchi. Anakiri kwamba hakulala vizuri siku hiyo.

"Kama ingekuwa haimuumi, ningemwonea wivu kwa raha zangu," anasema. "Kumbe anaumia kama mimi na bado anainuka. Hata sababu ya kumchukia ameninyang'anya! Hapo ndipo nilipomwonea wivu kweli kweli."

Asubuhi hii darasa limejaa. Shemeji analala mbele, na Nguzo, baada ya kutandika mikeka ya watu, analala kwenye mkeka wa nyuma, kando ya fundi cherehani. Hesabu inaanza. Kichwa kinatoka sakafuni, kisha mabega. Miguu inatetemeka, lakini safari hii inabaki chini. Nguzo anakwama nusu njia, hayuko juu wala hayuko chini, mishipa ya shingo imemtoka, na jasho linamchuruzika masikioni.

Fundi cherehani ameshafika. Amekaa wima, amekumbatia magoti, anamtazama.

"Njoo, mwalimu, tupo huku."

Nguzo anaanguka chali. Angali anahema anapoulizwa na mwandishi wa makala haya kama bado ana nia ya kurudi mbele.

"Kule mbele nitarudi," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hamwangalii Shemeji. Anageuza shingo taratibu, anamkazia macho jirani yake. "Lakini kwanza nimpite huyu fundi."