Mpapai Ulioota Ufuoni kwa Mama

Nilipokuwa mtoto, wenzangu walikuwa wakinipita njiani huku wameziba pua. Sikuwa na uvundo. Bibi yangu alinikogesha kila siku na kunipaka mafuta ya nazi mpaka ning'are. Lakini watu walijua kwamba kwetu, kiungani upande wa Makupa, migomba ililishwa choo, na watoto wa mjini walikuwa wameshakata shauri kwamba anayekula ndizi zile amekula na kilichozilisha. Waliniita jina ambalo sitaliandika hapa. Uzee umenipa ruhusa ya kuchagua maneno yangu.

Hatukuwa watu wa kiungani tangu asili. Nyumba yetu ilikuwa Mji wa Kale, ya mawe, imebanana na nyumba za watu wanaosalimiana toka dirishani. Kisha mama yangu akapata ndui, na majirani wakamtaka Bibi amtoe mji, kama ilivyokuwa ada siku zile. Bibi, aliyekuwa mama yake mama, akamchukua binti yake na mimi, tukahamia kibanda cha makuti katika kiunga alichoacha babu. Ndui yenyewe haikututisha sisi wawili, maana Bibi aliiugua zamani na mimi nilikuwa na makovu yake usoni tangu uchanga wangu. Baba alikuwa amekwenda bara na kazi ya reli. Tulipata salamu zake mara mbili tatu, baadaye hatukupata kitu. Mama alifia kiungani, akaoshewa huko huko, akazikwa. Bibi hakutaka kurudi mjini. Alisema hawezi kukaa na watu waliomfukuza mwanawe kwa adabu, tena wakasaidia kubeba godoro.

Basi tukabaki wawili, na ile miti.

Bibi hakutupa kitu. Maganda, machicha ya nazi, miba ya samaki, majivu ya jikoni, makuti yaliyooza paani, vyote vilikwenda jaani nyuma ya kibanda. Choo chetu kilikuwa shimo lililozungushiwa ua wa makuti, na kila mtu akitoka sharti amwage kata ya majivu na konzi ya majani makavu. Shimo likijaa alilifunika, akachimba jingine mbele, na lile la zamani likaachwa mpaka masika mawili yapite. Hapo alilifukua kwa mkono wake, akachota mchanga mweusi na kunisogezea puani.

"Nusa."

Nilinusa. Ulinukia mvua.

"Kikisha kugeuka mtanga ni mtanga," alisema. Alikuwa amemwuliza mwalimu wa chuo cha Kurani kama mchanga ule ni safi, na mwalimu akampa maelezo marefu ambayo Bibi aliamua kwamba maana yake ni ndiyo. Hata hivyo hakuutia mchanga ule kwenye mchicha hata siku moja. Uliwekwa migombani na kwenye mikomamanga, na juu yake akatandaza majani ya migomba mazito ili jua lisiunyonye. Migomba yetu ilizaa mikungu ya kutia husuda. Kila Ramadhani Bibi alinituma na pakacha la ndizi kwa majirani zetu wa zamani, nao walipokea kwa maneno matamu na dua. Siku moja nilirudi kuchukua pakacha, nikazikuta ndizi zetu mbele ya mbuzi. Sikumwambia Bibi. Nadhani alijua, na ndizi aliendelea kuzipeleka.

Sasa nieleze ufuo, kwa maana vijana siku hizi wakisikia neno hilo hufikiri pwani. Ufuo ninaousema ni handaki linalochimbwa chini ya kitanda cha kuoshea maiti, maji yaingie humo yasitapakae. Baada ya mazishi hufukiwa. Watu wetu walipaogopa mahali hapo. Hapakanyagwi, wala hapapandwi kitu. Ufuo wa mama ulikuwa nyuma ya kibanda, hatua chache kutoka jaani, na Bibi alinizoesha kupita mbali nao.

Baada ya miaka michache, masika yalipokuja, ardhi ya ufuo ikatitia. Maji yakatuama pale, na Bibi hakuweza kuvumilia kuyaona. Mtu mwingine angetafuta kifusi au mchanga wa pwani. Yeye alikwenda kuchota mchanga wake mweusi, ulio bora kuliko wote aliokuwa nao, ule wa shimo la zamani, akajaza pale mpaka pakawa sawasawa, kisha akatandika majani juu yake. Alikuwa akimfunika mwanawe vizuri. Hakukumbuka kwamba tulikula mapapai mwaka mzima, na kwamba mbegu za papai hazifi ovyo, popote zinakopitia.

Mpapai ukaota. Bibi alipouona ungali mdogo aliushika shina ili aung'oe, akauachia. Akaniita karibu.

"Huu usiuguse. Na papai lake likiiva, lisije likangia kinywani mwako. Alaye cha ufuoni, mwenye ufuo humwita. Husikia sauti yuwaitwa jina lake, na akishaisikia hakai tena na watu."

"Basi si uukate, Bibi?"

"N'taukata," alisema.

Hakuukata. Alipokuwa akitandaza majani migombani, mengine aliyapeleka pale. Mpapai ulikwenda juu upesi, ukanipita kimo, ukatoa maua, ukatoa mapapai yaliyokumbatia shina. Nami nilikaa chini ya upenu wa jikoni nikiutazama. Nitasema kweli yangu: sikuogopa onyo lile, nililitamani. Hakuna mtoto aliyewahi kusimama mbele ya ua wetu akaniita nikacheze. Nilikuwa mpweke kiasi cha kuona kwamba kuitwa na maiti, kama maiti huyo ni mama, ni heri kuliko kukaa bila ya kuitwa na mtu. Niliyahesabia mapapai yale siku za kugeuka manjano. Niliazimia kwamba la kwanza litakuwa langu.

Liliiva. Siku hiyo, baada ya Bibi kuswali alasiri, alinituma kisimani. Nilifika nikawakuta wasichana wa mitaa ya karibu wamekizunguka, na mmoja akanyanyua ncha ya kanga yake akaiweka puani. Niligeuka nikarudi na mtungi mtupu.

Bibi hakutarajia nirudi upesi hivyo. Nilimkuta nyuma ya kibanda ameketi juu ya kibao, ukingoni mwa ufuo, papai limepasuliwa mapajani mwake. Nusu moja ilikuwa ganda tupu. Hakuwa akitafuna. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza hodi.

"Bibi, wafanyani?"

"Nyamaa kidogo," alisema bila ya kugeuka. "Nyamaa nisikize."

Hapo nikafahamu. Yeye aliyenikataza alikuwa na hamu ile ile yangu, na ametangulia. Niliingiwa na hofu ambayo sijapata kuiona tena. Sikuwa nikihofu pepo wala maiti. Nilikuwa nikikiona kibanda kile na mkeka mmoja tu, wangu.

"Nami nipe," nilisema.

Akageuka. Midomo yake ilikuwa imelowa papai. "Wewe hapana."

"Akikwita ukenda, mimi n'takaa na nani?"

Kuku walikuwa wakiparua jaani, na nakumbuka niliwachukia kwa kelele zao. Bibi alinitazama, akautazama ule mtungi, akaona kwamba hauna maji. Hakuniuliza kwa nini. Alivuta pumzi, akajipangusa midomo kwa mtandio.

"Haya," alisema. "N'shaitwa."

Akainuka kwa shida, magoti yakimwuma. Nusu ile iliyobaki aliipeleka jaani, akaimwagia majivu, akarudi akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kinanata. Tulikwenda kisimani pamoja, na wale wasichana walipomwona Bibi walitupisha na kumwamkia, "Shikamoo, Bibi," kwa sauti ndogo. Asubuhi yake aliukata mpapai. Mti ule hauna ubishi, panga mara chache tu ukalala. Aliukatakata vipande, akavirundika jaani na mapapai yake mabichi, akavifunika kwa majani.

Kwa muda mrefu baada ya hapo niliishi na hofu, kwa sababu nilimsikia kwa masikio yangu akisema ameshaitwa. Nilimwandama kila alikokwenda. Hata chooni nilisimama nje ya ua nikimsemesha ili nijue yumo.

"Mwanangu," alisema siku moja toka ndani, "na mambo mengine yataka faragha."

Hakufa. Wala marafiki hatukupata. Tuliendelea kuwa wawili na migomba yetu, jioni zikiwa ndefu, naye akinisimulia habari za mama ambazo kabla ya siku ile hakuwa akizitaja. Alinilea mpaka akaniozesha, akawapakata wanangu.

Wanangu hao, nikiwahadithia, hunicheka. Husema ni itikadi za watu wa kale, na kwamba Bibi hakuitwa na yeyote. Siwabishii, lakini najua aliitwa. Alitega sikio kwa mwanawe, na mwanawe akanyamaza. Aliyesema alikuwa mtoto mwenye makovu, anayetaka kujua atakaa na nani. Wakati ule nilidhani ni jambo jepesi kwa mtu mzima kuinuka pale alipoketi. Baadaye nami nilizika mtoto wangu mmoja, na nyumba ikawa na ukimya ambao Bibi alikuwa akiusikiliza. Ndipo nilipojua ni kitu gani alikiacha pale chini ili anishike mkono. Sina hakika kwamba mimi ningeinuka.