Majivu ya Mashine ya Idete

Shangazi Klementina alivunjika paja akiwa amesimama. Hakuteleza wala hakusukumwa. Alikuwa akipepeta mchele uani kwake Idete, mguu ukalia kama kijiti kikavu, akaketi chini taratibu, ungo ukiwa bado mikononi.

Majirani walisema analiwa mifupa. Ni kweli ilikuwa inalika, ila si kwa uchawi. Nakasirika nikifikiria wanawake wa bonde hili wanaobeba, wanaozaa, wanaopandikiza mpunga wameinama maisha yao yote, kisha mifupa ikiisha wanaambiwa ni uzee tu.

Mfupa ulikataa kuunga. Hospitalini Ifakara, Daktari Rosemery alitueleza kuhusu dawa waliyokuwa wakiijaribu: chembe ndogo kuliko vumbi lolote, zinazowekwa penye ufa, zikayeyuka polepole huku zikiuamsha mwili ujenge mfupa mpya. Bila hivyo, huenda shangazi asingetembea tena.

"Zinatengenezwa na nini?" shangazi akauliza.

"Majivu ya pumba za mpunga, mama. Tunayasafisha, tunachanganya na madini mengine."

"Pumba za wapi?"

"Za kwenu Idete, pale kwenye mashine ya kukoboa."

Mume wa shangazi, Polikarpo, alikuwa mlinzi wa mashine ile. Lundo la pumba huungua ndani kwa ndani majuma mengi, juu limepoa. Alikatiza juu yake akifukuza mbuzi, likafunguka, likammeza. Tulizika tulichokipata. Mguu mmoja haukuonekana. Tangu hapo shangazi alilizunguka lile lundo kwa mbali. Alisema linapumua.

"Shangazi, kule maabara kila kitu kinasafishwa," nilimwambia. "Hamna mtu mle."

"Umesoma kemia, baba. Polikarpo umemsomea wapi?"

Akamgeukia daktari.

"Mkiziweka, hazitoki tena?"

"Hazitoki. Mahali pake panakuwa mfupa wako."

"Basi wekeni."

Mfupa uliunga. Kwenye picha, pale palipokuwa na ufa palikuwa peupe kabisa. Nilijawa na furaha, nikamsimulia kila niliyekutana naye kwamba makapi ya mpunga wetu yamemsimamisha mtu.

Siku shangazi alipoacha magongo, Leticia, jirani yake, alikuwa anaanika mpunga, ameipa njia mgongo. Alisikia nyayo zikipita.

"Shikamoo, kaka Polikarpo," akasema, akiendelea kutandaza.

Kisha mikono yake ikasimama. Nami nilikuwa nimezisikia: mguu ukiburuzwa kidogo, halafu kisigino kikigonga chini kwa nguvu. Ndivyo alivyotembea Polikarpo tangu trekta ilipomkanyaga ujanani. Nilimweleza Leticia kwamba misuli ikilala muda mrefu mtu huchechemea. Aliitikia vizuri, akakusanya mpunga wake ungali mbichi, akaingia ndani na kufunga mlango, jua likiwa utosini.

Daktari alimpangia shangazi mazoezi ya kunyoosha mwendo. Hakwenda hata mara moja. Nilimfuata nikiwa nimechukia.

"Shangazi, ukifanya mazoezi utatembea kama zamani."

"Zamani nilikuwa natembea peke yangu," akasema.

Akajitwisha ndoo, akashika njia ya kisimani. Nilibaki nikisikiliza nyayo zile hadi zikapotea, nikirudia moyoni maneno yangu ya misuli.