Glasi ya Tabibu

Harufu ya spiriti hunirudisha mahali ambapo hapakuwa na hospitali. Hunirudisha kwenye kijiji chetu kipya, mwaka ule wa kuhamishwa, wakati wa kiangazi, upepo ukivuma tangu asubuhi na kutujaza vumbi mpaka masikioni. Tulikuwa tumetolewa kwenye tembe letu, nyumba ndefu ya udongo yenye paa bapa, ambako ili umpate jirani ilibidi upige ukelele, tukapangwa kwenye mistari iliyonyooka, mlango ukitazamana na mlango. Nyumba zenyewe zilikuwa miti na fito tu, kwa maana maji ya kukandia udongo hayakutosha, tukasubiri mvua. Jirani akikohoa unamsikia, ukijigeuza kitandani naye anakusikia. Watu ambao hawakuwahi kula pamoja sasa walichota maji kwenye kisima kimoja, huku wakitazamana kwa pembe za macho. Nani alimtaja nani kwa viongozi? Ng'ombe wa nani walihesabiwa, na wa nani walifichwa? Kila mtu alikuwa na mashaka na mwenzake, na mimi, mtoto wa miaka kama tisa, nilikuwa na mashaka na wote.

Bibi mzaa baba aliniita Mpelelezi, na wala hakuwa ananisifu. Nilikuwa na tabia ya kuhesabu mayai kabla na baada ya mgeni kuingia, ya kunusa maziwa tuliyoletewa na majirani, ya kumfuata mtu mpaka nijue anakokwenda. Mama alisema nitakuja kukatwa pua siku moja. Sikukatwa pua. Nilichofanya ni kibaya zaidi, na nimekaa nacho moyoni mpaka nimekuwa mzee.

Tabibu alikuja wiki chache baada yetu, kwa baiskeli, mkoba wa ngozi umefungwa nyuma. Alipewa chumba kimoja cha ofisi ya kijiji kiwe zahanati. Hakuwa mtu wa kwetu, na Kinyaturu hakujua hata salamu. Watu wakasema ni wale wale waliokuja na malori kutuhamisha, lao moja. Mimi niliona kitu kingine. Ndani ya mkoba alikuwa na glasi yenye kitako kinene, imeviringishwa kwenye kitambaa cheupe, na sikuwahi kumwona akiinywea. Maji alikunywa kwa kikombe cha bati kama sisi. Sasa glasi ya nini? Huyu ana lake jambo, nikajiambia. Siku zile hadithi za mumiani, watu wanaowanyonya wenzao damu ili ikatengenezewe dawa, zilizunguka kila kijiji. Loo, nikaona nimempata mmoja mzimamzima, tena hapa hapa kwetu.

Nikamfuata kama kivuli. Siku moja aliitwa nyumba ya mstari wa juu kwa mtoto wa kiume aliyekuwa na homa, naye akaenda na mkoba wake. Nikazunguka nyuma, nikaweka jicho kwenye upenyo wa fito. Alimgeuza yule mtoto nyayo, akamtazama viganja, akamvuta kope za chini. Kisha akaitoa ile glasi. Akakibandika kitako chake kwenye paja la mtoto, akagandamiza, akainama kuchungulia. Chini ya kioo, kwenye ngozi, palikuwa na madoa mekundu yanayoelekea zambarau. Akamwita mama wa mtoto, akamwonyesha. Nakumbuka maneno yake kwa sababu nilikuwa nimekwenda kuyaiba: "Mama, hii si surua. Vipele vya surua ukivigandamiza vinafifia. Hivi havifutiki. Naogopa ni homa ya uti wa mgongo, na hiyo haingoji kesho." Akamchoma sindano mbili za penisilini, na lori la watengeneza barabara lilipopita, mtoto na mama yake wakapelekwa Singida.

Tabibu alipotoka kwenda kunawa, aliiacha glasi juu ya jiwe mlangoni. Nikaikaribia. Nikaishika. Ilikuwa tupu, kavu, safi kabisa. Naomba msomaji alikumbuke hilo, maana mimi sijalisahau hata siku moja.

Nikaenda kisimani. Wanawake walikuwa foleni, ndoo zikigongana, na Mama Zuhura alikuwa ndiye anayevuta kamba. Zuhura alikuwa rafiki yangu. Tulicheza mdako pamoja kila mchana, naye alinishinda kila mara, mikono yake ilikuwa myepesi ajabu. Nikasema nimemwona Tabibu akimbandika mtoto glasi. Kamba ikasimama. Wote wakanigeukia, watu wazima, wakinisikiliza mimi! "Na ndani ya glasi je?" akauliza mmoja. Ningeweza kusema kweli. Lakini nyuso zile zilikuwa zinangoja, na ukweli ulikuwa mkavu mno, nikautia chumvi. Nikasema, "Damu."

"Umeiona kwa macho yako?" akauliza Mama Zuhura.

"Kwa macho yangu. Wallahi."

Kabla jua halijageuka kijiji kizima kilikuwa kinajua. Yule mtoto wa mstari wa juu hakurudi wiki hiyo wala iliyofuata, na hilo likapigilia msumari uongo wangu. Watoto wakawa wanafichwa baiskeli ikisikika. Tabibu aliketi peke yake zahanati akiwafukuza nzi. Nami nilitembea kifua mbele.

Zuhura akaugua. Homa, kutapika, kichwa. Siku ya pili vipele vikatoka, na mama yake akafurahi. Hapo lazima nieleze. Kwetu surua ilijulikana: inamla mtoto kwa ndani mpaka ipate njia ya kutoka kwenye ngozi. Ikitoka, mmeshinda. Na mtoto wa surua hachomwi sindano, kwa kuwa sindano huirudisha ndani na kumuua. Huwekwa ndani, hupakwa samli, na tawi bichi huwekwa mlangoni kuwakataza watu kuingia. Tabibu alipopata habari alikuja mwenyewe, akasimama nje ya tawi, akaomba aruhusiwe amtazame tu. Mama Zuhura alimjibu akiwa ndani, "Nenda na glasi yako!" Nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha nyumba yetu, ng'ambo ya njia. Nilisikia. Tabibu alisimama pale muda mrefu sana, halafu akaondoka akikokota baiskeli. Asubuhi yake Zuhura alikuwa amekufa.

Wakasema surua ilirudi ndani kwa sababu mgeni alisimama mlangoni. Nikataka kuamini hivyo. Nilitaka mno.

Siku mbili baada ya mazishi, mdogo wangu Rama, wa miaka minne, aliamka analia kila alipoguswa. Mwili unawaka, mikono ya baridi. Mama alipomwinua shingo yake ilikakamaa, mtoto akapiga kelele. Baba alikuwa mnadani, mbali. Bibi akampaka samli, akaweka tawi mlangoni, akakaa akingoja. Mchana vipele vikaonekana tumboni. "Imetoka!" Bibi akasema, akapiga makofi, akamshukuru Mungu. Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Mimi sikutabasamu. Nilikuwa nimeugua surua mwenyewe nikiwa na akili zangu, na yangu ilianzia nyuma ya masikio, macho yakawa mekundu, mafua yakanitiririka. Rama hakuwa na mafua hata chembe. Nikamgeuza nyayo. Madoa. Kwenye ngozi yetu nyeusi, tena iliyopakwa samli, tumboni palikuwa pagumu kuona vizuri, lakini kwenye nyayo yalionekana wazi, ya zambarau. Nikaichukua glasi ya chai ya Bibi, nikaifuta kwa kanga, nikaigandamiza pale. Nikachungulia. Hayakufifia. Nikagandamiza tena kwa nguvu. Yalibaki pale pale yananitazama.

"Unafanya nini, Mpelelezi?"

Nikasema si surua. Nikasema Tabibu aitwe. Bibi akanikazia macho. "Tabibu? Yule wa glasi ya damu? Si wewe uliyetuambia?"

Mama alikuwa amenishika bega. Rama aligumia. Nilijua nikinyamaza atakufa, na nikisema nitakuwa mtu aliyemuua Zuhura, nami nilikuwa na miaka tisa tu, jamani. Nikasema: "Glasi ilikuwa tupu. Nilidanganya."

Nilitarajia kofi, na lilikuja, la Mama. Bibi hakunipiga. Aliinuka taratibu, magoti yakilia, akaenda mlangoni, akaling'oa tawi kwa mkono wake mwenyewe na kulitupa njiani. "Beba mtoto," akamwambia Mama. "Kimbia." Mama akakimbia bila viatu, na mimi nyuma yake. Tabibu alipotuona hakuuliza kwa nini tumekuja leo na si jana. Aligeuza nyayo, akagandamiza glasi mara moja tu, akaanza kuchemsha sindano. Chumba kikajaa harufu ya spiriti.

Rama alipona huko Singida, ila sikio lake la kushoto halikusikia tena. Yule mtoto wa mstari wa juu naye akarudi kijijini, mnene, anapiga mluzi. Watu wakaanza kwenda zahanati mmoja mmoja, kwa aibu. Lakini kule kukiri kwangu hakukutoka nje. Bibi alinikalisha chini akaniambia, "Neno lile lizikwe hapa. Ukimwambia mama wa Zuhura, utamuua na yeye." Nikatii. Labda alikuwa sahihi. Labda alitaka tu amani na jirani wa mlango kwa mlango. Hata Bibi nilimtilia shaka.

Sasa naishi Mwankoko, pembeni mwa mji wa Singida, na kile kijiji kina zahanati ya vigae na umeme wa jua. Mwaka jana nilikwenda kuwasalimia. Nikamkuta Mama Zuhura amekaa uani, macho yameingia ukungu. Nikampa shikamoo, akanishika mkono asiuachie. Mjukuu wake wa kike alikuwa amempakata mtoto mchanga mwenye homa. Nikauliza kwa nini hawajampeleka zahanati. Mjukuu akasema ametumiwa ujumbe kwenye simu, kwamba siku hizi watoto wanajaribiwa dawa na kutolewa damu. Nani kaona? nikamuuliza, na hasira ilinipanda kweli. Nikamvua mtoto soksi. Vidoa viwili, labda vitatu.

"Usimkaripie, Mwanaidi mwanangu," akasema Mama Zuhura. Akamgeukia mjukuu wake. "Mambo haya hayakuanza leo. Muulize huyu. Aliiona damu kwa macho yake, akatuambia tukiwa kisimani. Sisi tuliokuwa hatujui, yeye ndiye aliyetufumbua macho."

Mjukuu akanitazama, simu mkononi, akingoja. Nyuso za kisimani zilikuwa zinatazama vile vile.

"Mama," nikasema, "glasi ilikuwa tupu. Niliishika mwenyewe."

Yule binti hakungoja zaidi. Alimfunga mtoto mgongoni akatoka mbio, nikasikia anaita bodaboda, pikipiki ikaondoka. Tukabaki wawili, vumbi likituangukia. Mama Zuhura hakuuachia mkono wangu. Sauti ya pikipiki ikapotea.

"Ulijua kabla Zuhura hajafa, au baada?" akauliza.

"Kabla," nikasema.