Nimekataa Kufuta Ripoti, na Mahari Yangu Imesimamishwa

Jina langu muliweke kando, lakini Uvira mulitaje, sina haya nayo. Nina miaka ishirini na saba, ninakaa mtaa wa Rugenge na mama yangu, na kazi yangu ni kutengeneza programu za kompyuta. Nimechumbiwa. Ndugu za mchumba wangu walikuwa waje kutoa mahari kabla mvua hazijaisha. Chef wangu, yaani mkuu wetu wa kazi, ni kaka yake mkubwa, na hapo ndipo shida yangu yote ilipo.

Kazini tunatengeneza programu ya simu ambayo wauguzi wa vituo vya afya, kuanzia bonde la Ruzizi hadi Makobola, wanaitumia kuandikisha watoto wa chanjo. Mmoja wetu akirekebisha kitu, kompyuta kubwa ya biro, yaani ofisi yetu, inakusanya kazi yetu yote, inaijenga upya, inaijaribu, halafu inaituma kwenye simu za wauguzi. Hatua moja ikikwama, yote inasimama. Kwenye skrini tunaona rangi nyekundu, na muuguzi anabaki na programu ya zamani yenye kasoro zake. Mwaka huu nyekundu ilizidi. Tulifika mahali pa kuogopa kurekebisha hata herufi moja.

Chef alipata wa kumlaumu. Kulikuwa na mwenzangu, tumuite Riziki, dada mtulivu, ndiye aliyekuwa mgeni kuliko wote kwenye timu. Kila ujenzi wa programu ukikwama, chef aliangalia tu nani ametuma kazi mwisho, na kwa kuwa Riziki alikuwa anatuma mara nyingi kutushinda sote, jina lililoonekana lilikuwa lake. Katika reinio, mkutano wetu wa timu, chef alimwambia mbele yetu kwamba anawacheleweshea watoto wa watu chanjo. Baadaye akamfukuza. Alipokuwa anatia vitu vyake kwenye mfuko, Riziki aliniuliza kwa sauti ndogo, "Na weye unaamini ni miye?"

Sikujua kama ni yeye.

Ila nilijua pa kutafuta. Ile kompyuta inatunza kumbukumbu za kila ujenzi: ulifika hatua gani, ulikufa kwa sababu gani. Hakuna aliyewahi kuzitazama zote kwa pamoja. Nikaandika maswali kwa lugha ambayo kompyuta inaielewa, ili inipangie kumbukumbu zile. Sikuuliza nani alituma mwisho. Niliuliza ujenzi unakufia wapi, na wakati huo koneksyo ya mtandao ilikuwa namna gani. Jibu lilipotoka nilidhani nimekosea, nikauliza kwa njia nyingine, likatoka lile lile. Sehemu kubwa ya ujenzi ilikufa kwenye hatua ya kwanza kabisa, ile inayovuta vifaa vya programu upya kutoka kwenye mtandao kila mara, kabla kompyuta haijasoma hata mstari mmoja wa Riziki. Koneksyo ikikatika, na ya kwetu munaijua, ujenzi unakufa. Hata ule ambao kompyuta inauanzisha yenyewe bila mtu kugusa kitu ulikufa vivyo hivyo. Na baada ya Riziki kuondoka, nyekundu haikupungua. Makosa ya Riziki yalikuwemo, machache, na yangu pia yalikuwemo. Niliyaacha yote yaonekane. Hatua ile ya kwanza iliandikwa na chef mwenyewe.

Niliyaandika hayo kuwa ripoti, nikaionyesha katika reinio ya Jumatatu. Sikutaja jina la mtu, lakini kila mmoja pale anajua nani aliandika nini. Nilipomaliza, chef akasema, "Nani alikutuma kutafuta jibu ya swali yenye hakuna muntu aliuliza?"

Nikamwambia, "Riziki aliniuliza."

Aliniita peke yangu. Alitaka nifute ripoti, niwaandikie wenzangu barua kwamba maswali yangu yalikuwa na kosa, na nimuombe msamaha. Nilikataa. Akasema basi nisikanyage biro mpaka niwe nimeandika. Nikiwa nyumbani, mwenzangu mmoja akanipigia simu: hatua ile imerekebishwa kimya kimya, vifaa sasa vinatunzwa hapo hapo biro, na nyekundu karibu imeisha. Aliyeirekebisha ni chef. Riziki hajaitwa kurudi. Na mimi bado nadaiwa kusema nilikosea.

Mchumba wangu ni mwalimu wa hesabu. Alikuja nyumbani, akaisoma ripoti yote, akauliza alipotaka kuelewa zaidi, akakubali. Nikapumua. Halafu akasema, "Iko kweli yote. Lakini andika ile barua tu. Familia haiwezi kuleta mahari kwa muntu anavua kaka yangu nguo mbele ya batu."

Mama alilia sana. Ndugu zetu wa Lubarika alikuwa ameshawaalika. Aliniambia msamaha ni maneno tu, hayaumizi mdomo. Nikamuuliza angesema hivyo kama aliyefukuzwa ni mimi. Tangu hapo hajanisukuma tena, na jana nilimsikia akimwambia jirani kwamba mimi ndiye niliyegundua kosa la kompyuta.

Sitaandika barua hiyo. Kazi nitatafuta nyingine, mikono ninayo. Kwa hiyo, ndugu zangu wa ukurasa huu, musipoteze nguvu kunishauri niombe msamaha, hilo nimeshalimaliza. Ninawauliza hasa ninyi ambao mumekaa ndani ya ndoa miaka mingi. Mwanaume huyu hakudanganywa na kaka yake. Alisoma kwa macho yake, akasema ni kweli, kisha akaniomba niseme ni uongo ili anioe. Ninampenda bado. Nimpe muda apate kusimama upande wangu, au nimwambie mahari wasilete tena? Niambieni, mungekuwa mimi mungefanya nini?