Oili Mpya kwa Mashine Inayolala

Mimi hasira ninazo, sikatai, ila siku ile sikukosea. Mama mkubwa aliyenilea pale Mnyambe ana mashine ya kusaga, injini ya dizeli, na ndiyo inayotulisha. Masika ikikolea mahindi yanaisha majumbani, mashine inafungwa mpaka watu wavune. Kwetu kila mwenye mashine anaifunga na oili chafu humo humo. Mpya anaiweka siku ya kufungua, eti ikilala ndani inaharibika bure. Mwaka uliotangulia mashine yetu iliamka inakohoa, tukaibembeleza wiki nzima.

Nikasema safari hii namwaga oili chafu, naweka mpya kabla ya kufunga. Mama mkubwa akamwita fundi wake kutoka Masasi. Nikampa shikamoo yake.

"Marahaba. Wewe ufundi umesomea wapi?"

"Kwenye hiyo hiyo mashine."

"Injini inaenda kulala. Oili mpya ya nini?"

"Na wewe ukitoka shamba unalala na matope, uoge siku ya kurudi shamba?"

Mama mkubwa akanikata jicho. "Dumu la oili ni hilo moja. Mashine ikifa, na wewe utafute pa kulala."

"Sawa, mama mkubwa."

Fundi alipoondoka, nikaiwasha kidogo ipate moto, nikazima, nikafungua nati ya chini. Ikatoka nyeusi, nzito kama uji, ikaacha mchanga mweusi kwenye beseni. Majirani walishajipanga na makopo, wanataka ya kupaka nguzo zisiliwe na mchwa.

"Umemfilisi mama yako," mmoja ananiambia, huku anakinga kopo.

"Kinga, nyamaza."

Nikajaza mpya, nikaizungusha kwa hendeli bila kuiwasha, oili ifike kila mahali. Bomba la moshi nikaliziba kwa tambara. Masika yote mama mkubwa alinisemesha kwa mkato.

Siku ya kufungua, fundi alikuja bila kuitwa. Nikazungusha hendeli. Mara ya kwanza kimya. Fundi akamtazama mama mkubwa. Mara ya pili ikashika, ikanguruma sawasawa.

"Bahati," fundi akasema.

"Bahati hiyo niliijaza mwenyewe, kwa dumu."

 Mama mkubwa alileta debe lake mwenyewe la mahindi, akasimama nalo mlangoni.

"Fundi, sogea," akamwambia, huku ananinyooshea mimi debe. "Unamziba mwenye mashine."