Bunduki ya Mume, Shabaha ya Mke

Saa nne asubuhi, Jumamosi moja ya Agosti 2010. Kwenye uwanja wa shabaha nje kidogo ya Hässelby, kitongoji cha huku ughaibuni, Herménégilde, dereva wa basi mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, amepiga goti kando ya mkewe, Emérithe. Mkononi ana mrija wa shaba. Bunduki ni yake. Risasi amezitengeneza yeye. Anayelenga ni mkewe.

Bunduki inanguruma. Moshi mweupe unatanda na harufu ya mayai viza inawafikia hata waliokaa nyuma na kahawa zao. Moshi unapopungua, mzee mmoja wa klabu anachungulia kwa darubini na kutangaza, "Tisa." Wenzake wanapiga makofi.

Herménégilde naye anapiga, kwa vidole viwili.

"Naona wivu," anamwambia mwandishi wa makala haya bila hata kuulizwa. "Andika hivyo hivyo, ndugu. Mwanaume atakayekwambia haoni wivu hapa, anakudanganya."

Ana sababu. Klabu inatafuta mtu wa kujaza nafasi moja iliyobaki katika timu ya mashindano ya Septemba, na mchujo umewabakiza wawili, mume na mke. Mume amekwisha kupiga zake kumi na kupata alama themanini na nne. Mke ana sabini na saba na risasi moja haijapigwa. Akipata nane, nafasi ni yake.

Herménégilde aliingia kwenye mchezo huu miaka minne iliyopita, alipoalikwa na Mikael, dereva mwenzake. Mwanzoni alikataa. Yeye na mkewe walitoka Bujumbura wakati wa vita, na hakutaka kusikia habari za bunduki.

"Kule bunduki ilikuwa kitu cha kukimbia," anasema. "Hapa nikakuta wazee wamekaa, wanakunywa kahawa, wanapigana na kipande cha karatasi. Nikasema, voilà, hii naiweza."

Si mchezo wa bei rahisi. Bunduki yenyewe, ya kizamani na ya kupakia risasi moja moja, ilimla krona elfu kumi na moja, nusu ya mshahara wake wa mwezi. Risasi zake hazipatikani dukani kirahisi, kwa hiyo anajaza mwenyewe maganda yale yale kwa baruti nyeusi, krona sita kila moja. Madini ya risasi huyapata kwa rafiki yake Damas, fundi wa matairi kule Tensta, ambaye humwekea vile vipande vya kusawazishia magurudumu. Sigara ameacha, na si kwa ushauri wa daktari.

Wivu ulianzia kwa Emérithe. Mama huyu wa miaka arobaini na nne anahudumia wazee majumbani huko Sundbyberg, na kila Jumamosi aliporudi kutoka kazini alimkuta mumewe bafuni na bunduki.

"Anaikosha na maji ya moto, anaifuta na kitambaa laini, anaipaka mafuta polepole," anasimulia. "Mimi naingia mgongo unaniuma, ananiuliza kama nimenunua mkate. Nilionea wivu chuma, ndugu. Chuma kabisa."

Mwaka jana alivaa koti, akaja kumwona huyo mke mwenza. Wakampa ajaribu. Hajatoka tena.

"Haikupigi, inakusukuma," anasema, na uso wake wote unafunguka. "Halafu moshi unafunika kila kitu, hujui umepata au umekosa. Pale katikati ndipo patamu."

Tangu hapo risasi ishirini za Jumamosi zinagawanywa kwa wawili, na mume amekuwa akitazama zile kumi zikienda kwa uchungu wa mtu anayekula nyama sahani moja na mgeni.

Sasa imebaki ile ya mwisho. Baruti nyeusi huacha masizi mtutuni. Yakikauka, risasi inayofuata huenda inakotaka yenyewe. Kwa desturi ya klabu hii, aliye kando ya mpigaji ndiye huingiza mrija nyuma ya mtutu na kupuliza pumzi yenye unyevu, masizi yalainike. Hakuna anayehesabu amepuliza mara ngapi.

Emérithe hageuki kumtazama. "Baba Raïssa, puliza," anasema tu.

Herménégilde anautazama mrija. Anakawia kidogo, kiasi cha Mikael, aliyekaa nyuma na wenzake, kuacha kutafuna. Kisha anapuliza, pumzi ndefu, na nyingine, na nyingine, mpaka mishipa ya shingo inamsimama.

Mlio. Moshi. Darubini.

"Tisa."

Watu wanamzunguka Emérithe. Mumewe anaokota maganda peke yake, na mwandishi, ambaye hajawahi kupata hata sita, anawaonea wivu mwenye kuokota na mwenye kushangiliwa, wote wawili.

Herménégilde anasema ataweka akiba mpaka majira ya kuchipua, anunue bunduki ya pili. Risasi za Septemba, yeye mwenyewe atamtengenezea mkewe. "Nitazipima moja moja. Zikienda kombo, isije ikasemwa ni mimi."

Na je, anataka mkewe ashinde?

Anafuta ganda moja kwa kidole gumba, analiangalia, analifuta tena.

"Ashinde," anasema. "Lakini asishinde sana."