Mbwa Wawili wa Al Barsha

Harufu ya iliki ikikutana na harufu ya dawa ya kung'arishia mashuka, hapo hapo najikuta jikoni kwetu Al Barsha, Dubai, mtoto wa miaka kumi na mitatu, na mbele yangu ipo karatasi ya Kihispania yenye doa la mafuta. Iliki ilikuwa ya vitumbua. Mama alivichoma kila Jumamosi asubuhi kabla ya kwenda zamu. Dawa nayo ilikuwa imeingia mikononi mwake kiasi kwamba hata akiosha kwa ndimu haikutoka, maana alisafisha vyumba vya hoteli moja karibu na lile duka kubwa ambalo watu huja kulitembelea kutoka mbali. Baba alipanga maboksi kwenye ghala la Freezone, eneo huru la biashara pale uwanja wa ndege. Meza yetu ilikuwa ndogo, mguu mmoja mfupi, umewekewa kipande cha kadibodi alichokuja nacho Baba kutoka kazini. Naandika haya kama ninavyoandika siku zangu, kidogo kidogo nikipata nafasi, na sina uhakika kama yana faida kwa mtu mwingine. Sikusoma sana. Lakini msimu ule wa Kihispania naukumbuka kuliko mambo mengi makubwa yaliyokuja baadaye, basi nitausimulia kama ulivyokuwa, na pale ninapotilia shaka kumbukumbu yangu nitasema.

Shuleni kwetu kila mwanafunzi wa madarasa ya kati alitakiwa kuchagua lugha moja ya kigeni. Wengi walikimbilia Kifaransa. Mimi na Wanjiru, rafiki yangu Mkenya aliyekaa jengo la jirani, tulichelewa kurudisha majina yetu, tukapelekwa palipobaki nafasi, na palipobaki nafasi ni kwenye Kihispania. Mwisho wa mwaka kulikuwa na mtihani ambao walimu wetu hawakuutunga wao. Ulikuwa mmoja kwa watoto wa nchi nyingi: sehemu ya kwanza kuchagua majibu kwenye karatasi, sehemu ya pili kuzungumza ana kwa ana na mtahini usiyemjua. Asiyepita alirudia darasa. Kwa wenzangu kurudia ilikuwa aibu tu. Kwangu ilikuwa safari. Baba alishanieleza, huku akinimenyea chungwa: "Ukipita, unaendelea hapa na sisi. Usipopita, mwanangu, utakwenda Unguja kwa shangazi yako ukaanze skuli kule. Ada ya mwaka wa kurudia hapa siiwezi." Hakusema kwa ukali, na ningekuwa namwonea nikisema alikuwa mkali. Shangazi naye alikuwa mtu mwema, na Unguja nilikupenda wakati wa likizo. Lakini kwetu kulikuwa hapa, kwenye meza ya mguu mfupi, na nilijiambia sitoki.

Mwalimu wetu wa Kihispania tulimwita Maestra, kama alivyotaka mwenyewe, maana yake mwalimu tu. Alitoka Peru, mfupi, mwenye haraka, na alishaokota maneno ya Dubai kama sisi sote: akitaka tuanze alisema yalla, akitaka tunyamaze alisema khalas. Alituletea karatasi za mitihani iliyopita. Akatufundisha kusoma swali kabla ya habari yenyewe, kufuta kwanza majibu yasiyowezekana, na kutokwama kwenye neno moja wakati saa inakwenda. Kwa ajili ya mazungumzo alitupa maelezo ya familia moja ya kubuni: baba injinia, mama daktari, nyumba yenye bustani, na mbwa wawili, Luna na Coco, waliolala kitandani kwa mtoto. Alisema huo ni mfano, sisi tuseme ya kwetu. Nadhani alisema. Wanjiru mpaka leo anakataa, anadai Maestra hakusema kitu kama hicho. Mimi nakumbuka alisema, ila hatukusikia.

Hatukusikia kwa sababu kujifunza tulikujua kwa namna moja. Mimi tangu mdogo nilipitia chuo cha Kurani, ambako mwalimu husoma nanyi mkafuatisha, mwili ukienda mbele na nyuma, mpaka maneno yakae kichwani. Wanjiru alikuwa kwenye kwaya ya kanisani, naye alishika kila kitu kwa kukiimba na kupiga mguu. Tukaichukua familia ile ya injinia, tukakaa nayo chini ya ngazi za jengo letu, palipokuwa na kivuli na hewa ya baridi iliyovuja mlangoni.

"Wee Zuhura, mbona unayumba hivyo?" Wanjiru aliniuliza siku ya kwanza.

"Ndivyo inavyoingia."

"Maestra atadhani uko na homa."

Lakini haikupita wiki naye akawa anayumba, na mimi napiga mguu, na mlinzi wa jengo, mzee wa Kipakistani, akipita anatutazama kama watu waliopatwa na jambo. Tuliijua familia ile kutoka neno la kwanza hadi la mwisho bila kuvuta pumzi. Sijawahi kuwa na uhakika na kitu kama nilivyokuwa na uhakika na mbwa wale.

Siku ya mazoezi Maestra alikaa kwenye kiti cha mtahini, akatuita mmoja mmoja. Aliniuliza ninakaa wapi na nani. Nikaanza, maneno yakatoka kama bomba limefunguliwa. Nilipofika kwa mbwa akanyanyua kidole. Luna anakula nini? Swali lile halikuwemo. Na kama tulivyofanya siku zote chuoni, ukikatizwa unarudi mwanzo, basi nami nikarudi mwanzo: baba yangu ni injinia, mama yangu ni daktari. Akanikatiza tena kwenye bustani. Nikarudi mwanzo tena. Aliniacha nikatoka. Wanjiru akaingia baada yangu, nami nikasikia kupitia mlangoni baba yule yule injinia, mama yule yule daktari, na Luna na Coco wakilala kitandani kwake pia. Maestra alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akatuita wote wawili, na hakucheka tena. "Mtahini atakuwa ameshaisikia familia hii mara kumi kabla ya chai," alisema. "Atakatiza palepale. Nyinyi mmejenga nyumba yenye mlango mmoja. Mkienda hivi, mtaanguka." Nilienda nyumbani nikiiona Unguja mbele yangu, nikiwaza nguo zipi nitafunga.

Jumamosi iliyofuata nilikaa mezani, karatasi mbele yangu, nisijue nianzie wapi. Mama alikuwa anageuza vitumbua. Akaniuliza kwani hicho kitu ninachokisoma kila siku kinasemaje, naye akisikie kwa Kiswahili. Nikamtafsiria.

"Mbwa!" Mama aligeuka na uma mkononi. "Ndani ya nyumba hii? Wanalala kitandani? Na tunasalia wapi?"

Baba alikuwa ameamka kwa kelele, amesimama mlangoni na shuka begani. "Tena mimi nimekuwa injinia lini? Kafeel wangu, mdhamini aliyeniajiri, ana habari? Maana Jumatatu nimwambie anitafutie ofisi."

Tulicheka sote. Kisha Mama akauliza, bado anacheka, "Na mimi mmenipa kazi gani?"

"Daktari," nikasema.

Mama alisema "Haya," akarudi kwenye karai. Sikumwona uso. Huenda hakuwaza kitu, huenda alikuwa anaangalia kitumbua kisiungue; sitaki kumsemea. Lakini ile "Haya" yake ilinikaa. Niliichukua ile karatasi, nikaigeuza upande usioandikwa, nikamwambia, "Mama, hebu nieleze. Ukifika kazini asubuhi, unaanza na nini?"

Alidhani namchezea. Alipoona kalamu, akaanza. Alisema kuhusu kigari cha kusukuma ambacho gurudumu lake linapiga kelele, kuhusu kubisha mlango na kungoja, kuhusu kona ya shuka inayokunjwa kama bahasha, akaenda kuchukua shuka letu akanionyesha juu ya sofa. Alisema kinachomkera ni wageni wanaoacha taulo mbichi juu ya kitanda alichokitandika. Nilikuwa nayajua haya? Sikuyajua. Nilikuwa nimeishi naye miaka yote nikijua harufu ya mikono yake tu. Baba naye akavuta kiti, akaeleza ghala, boksi gani linakaa chini na kwa nini, akibishana na Mama nani kati yao anatembea zaidi kwa siku.

Kazi ilikuwa kwenye maneno. Karatasi ya Maestra ilikuwa na bustani na daktari. Shuka, taulo na maboksi hayakuwemo. Kila siku baada ya masomo nilimfuata na maswali, naye, japo alikuwa na haraka ya basi lake, alisimama akanijibu. Nikirudi nyumbani nilimfundisha Mama. Nilipomwambia mto wa kulalia ni almohada, alishtuka: "Si hii hii mkhadda ya Waarabu? Madam wangu wa zamani, nilipofanya kazi za ndani, alikuwa anasema hivyo hivyo." Alifurahi kama aliyekutana na mtu wa nyumbani sokoni. Safari hii sikuyumba. Mama aliuliza swali lolote lililomjia, hata la kipuuzi, akiruka kutoka chumba hadi ghala hadi chakula cha jioni, nami nilitakiwa kujibu bila kurudi mwanzo. Nilikosea sana. Kuna siku nilitupa kalamu. Nikaiokota mwenyewe, maana hakuna aliyenibembeleza.

Mtahini alikuwa mwanamume wa makamo mwenye koti la kijivu na mafua. Aliniuliza ninakaa na nani, na mama yangu anafanya kazi gani. Nikamwambia anasafisha vyumba vya hoteli. Sikuwa nimefikisha sentensi ya pili akanikatiza: ni kitu gani mama hakipendi katika kazi hiyo? Nilisikia kabisa mwili unataka kurudi mwanzo, kama mtu anayevutwa nguo kwa nyuma. Nikashika kiti. Nikamwambia taulo mbichi juu ya kitanda. Nilisema vibaya, nadhani, kwa mpangilio wa ovyo, lakini nilisema. Yule bwana aliacha kuandika. Akasema kwamba usiku uliopita yeye mwenyewe aliacha taulo mbichi kitandani, na kwamba nimwombee radhi kwa mama. Kisha akapiga chafya na kuendelea na maswali.

Nilipita, juu kidogo tu ya mstari. Lazima niseme yote: sehemu ya karatasi ndiyo iliyonibeba, na huko kichwa changu cha chuoni, chenye kushika maneno kwa kurudia, kilinifaa sana, kwa hiyo sitamsema vibaya aliyenifundisha kuyumba. Na lazima niseme pia kwamba Wanjiru hakuwaacha mbwa wake. Alibaki na injinia, daktari na bustani, ila alijizoeza kubuni. Alipoulizwa Luna anakula nini, alijibu ugali na samaki, na Coco hapendi samaki. Alipata alama nyingi kuliko mimi. Baba aliposikia alisema labda na sisi tungebaki na uinjinia.

Sikwenda Unguja, ila kwa likizo. Sikufika chuo kikuu pia. Leo niko mapokezi ya hoteli ndogo, hapa hapa Al Barsha, na akija mgeni wa Kihispania wenzangu wananisukuma mbele, nami nasema ninachokijua. Mama bado anakwenda zamu, na mikono bado inanukia vile vile. Meza tumebadilisha, hii ya sasa miguu yote ni sawa, na Jumamosi watoto wa majirani huja kuizunguka kujiandaa na mtihani ule ule. Siku zetu tulikuwa na karatasi moja ya Maestra. Hawa wana simu inayowaandikia familia nzima kabla kitumbua hakijapoa, familia safi isiyo na kosa, na ajabu ni kwamba mbwa bado wamo. Sijui kama ninawasaidia inavyopasa. Mimi si mwalimu, na ninapomkumbuka Wanjiru na alama zake naona huenda wangepata zaidi wakifuata njia yake.

Mwezi uliopita Nasra, mtoto wa ghorofa ya chini, alinisomea familia yake yote kwa ufasaha. Nikamuuliza mama yake hasa anafanya kazi gani. "Freezone, anti," akasema. Kazi gani huko? "Freezone tu." Nikamwambia afunge simu, aende nyumbani akaulize, arudi Jumamosi inayofuata.

Jumamosi hiyo alichelewa sana. Wenzake walikuwa wameshafungua karatasi zao alipoingia anahema, nywele hazijachanwa. Nikamuuliza kwa nini amechelewa.

"Mama alikuwa ananieleza," akasema. "Tena hajamaliza."